Sukari Iko Sawa, Mishipa Je?

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, pembe zake zimelowa jasho kwa kukaa mfukoni mwa shati. Mjomba wangu, mgonjwa wa kisukari, aliikunjua juu ya meza ya chakula nyumbani kwake Ngamiani, Tanga, akainyoosha kwa kiganja kama mtu anayenyoosha noti.

"Soma mwenyewe, mpwa wangu. Sukari 6.1. Kolesteroli mbaya haina mshale. Hii mishale miwili midogo hapa chini hakuna aliyeisemea neno. Mimi nimeshapona, hawa wananimalizia nauli tu."

Chai ilishamiminwa, na sikutaka kumharibia furaha yake. Nikamwambia, "Hongera, Mjomba." Wiki chache baadaye kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kilianza kuwa cheusi. Hakikumuuma. Alipopelekwa hospitali akakutwa ateri ya chini ya goti imeziba, na kidole kikakatwa.

Tangu siku ile kila anayeisikia habari hiyo ananiuliza: mishipa ilizibaje na sukari iko sawa? Swali hilo nalisikia pia kwa watu waliolipia vipimo vya "mwili mzima" wakarudi na kurasa nne za tarakimu, wakitafuta namba moja ya kuwaambia kama mishipa yao ni mizima. Namba hiyo haipo. Kila tarakimu kwenye karatasi ile inajibu swali lake, na hatari inaanza pale jibu la swali moja linapochukuliwa kuwa jibu la jingine.

Tuanze na maneno matatu. Kisukari aina ya pili ndicho kinachowapata watu wengi, zaidi ya 9 katika kila 10 wenye kisukari. Mwili wao bado unatengeneza insulini. Insulini ni kama mtu anayebisha hodi ili sukari itoke kwenye damu iingie ndani ya seli. Katika aina ya pili wenyeji wamekuwa wazito kufungua mlango, na mbisha hodi anapiga kelele hadi anachoka. Ateri ni mshipa unaoitoa damu moyoni na kuipeleka mwilini, ule unaousikia ukidunda ukigusa kifundo cha mkono. Ukiziba moyoni ni mshtuko wa moyo, kichwani ni kiharusi, mguuni ni kidonda kisichopona. Kiashiria ni kitu kinachopimika kwenye damu au mkojo, kinachotupa habari za jambo tusiloliona. Moshi ni kiashiria cha moto, lakini ukiupepea moshi utoke dirishani moto hujauzima. Tutaurudia mfano huo.

Aliyewahi kuishi kwenye nyumba ya mawe na chokaa, Mji Mkongwe au Mombasa Mji wa Kale, anajua ukuta unavyougua. Unyevu na chumvi vinapanda ndani kwa ndani, nyuma ya plasta. Kwa nje rangi inang'aa. Baada ya miaka unaona kauvimbe, ukikagonga kanatoa mlio wa uwazi, na siku moja mtoto anaegemea tu, kipande kinaporomoka. Ateri inaugua hivyo hivyo. Chembe ndogo zinazobeba mafuta zinapenya utando laini wa ndani na kunasa ukutani. Askari wa kinga ya mwili wanakuja kuzimeza, wanashiba, wanafia humo humo, na uvimbe unajengeka kidogo kidogo kwa miaka. Mara nyingi mshtuko wa moyo hutokea pale uvimbe huo unapopasuka, damu inakimbilia kuganda juu ya ufa, na ndani ya dakika chache njia inazibwa. Kisukari huurahisishia ugonjwa huu njia: utando wa ndani unachakaa, mafuta yanabadilika umbo, na damu inaganda upesi zaidi.

Ndiyo maana neno letu la mtaani, "damu nzito", linatupotosha. Mtu mwenye kolesteroli nyingi damu yake haigeuki kuwa uji. Tatizo limo ukutani. Kwa sababu hiyo hiyo, limau na kitunguu saumu vilivyochemshwa pamoja haviwezi "kusafisha mishipa". Kitunguu ni kiungo kizuri cha mboga, lakini takataka iko nyuma ya plasta, na hakuna kinywaji kinachofika huko na brashi.

Sasa turudi kwenye karatasi. Ile 6.1 ya Mjomba ilikuwa sukari ya asubuhi ile, kabla hajanywa chai. Ni kipimo kizuri cha asubuhi ile. Alikuwa amejibana siku tatu kabla ya kliniki, kama wengi wanavyofanya. Kipimo kinachosema ukweli wa muda mrefu ni HbA1c, na hicho hakikuwemo. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, na muda wote huo sukari inazigandia. Kipimo cha kidole ni kama kumwuliza mtu ana shilingi ngapi mfukoni sasa hivi. HbA1c ni kufungua daftari la mkopo la mangi na kusoma miezi miwili au mitatu nyuma. Kuanzia asilimia 6.5 huhesabiwa kuwa kisukari, na wengi walio kwenye matibabu huwekewa lengo la karibu na 7.

Hata daftari hilo lina kasoro, na kwetu kasoro hiyo si ndogo. Mtu mwenye ugonjwa wa selimundu, aliyeongezewa damu karibuni, au ambaye chembe zake zinavunjwa mapema na malaria, ana chembe changa ambazo hazijakaa na sukari vya kutosha, na HbA1c yake inaweza kusoma chini kuliko hali halisi. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha. Mweleze daktari mambo haya kabla ya kulifurahia au kuliogopa jibu.

Na sukari yenyewe inasema nini kuhusu ateri? Utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, uliwafuatilia watu wapatao 5,000 waliokuwa ndio kwanza wamegundulika na kisukari aina ya pili. Majibu ya mwaka 1998 yalionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa ukali kulipunguza madhara ya mishipa midogo, ile ya macho na figo, kwa asilimia 25. Kwa mshtuko wa moyo faida haikuwa ya uhakika. Ilibidi miaka 10 mingine ipite, hadi 2008, ndipo ikaonekana wazi. Mwaka huo huo utafiti mwingine, ACCORD wa Marekani, ulisimamisha mpango wake wa kuisukuma HbA1c chini ya 6 kwa watu waliokaa na kisukari muda mrefu, kwa sababu waliosukumwa hivyo walikuwa wakifa zaidi. Sukari ni muhimu, tena sana, na mapema ndiyo bora. Lakini ateri kubwa zina maadui zaidi ya mmoja, na sukari peke yake haiwezi kuzisemea.

Adui wa pili ni mafuta, na hapa ndipo karatasi ya Mjomba ilipokuwa inapiga kelele huku sote tumeziba masikio. Niliiomba tena baada ya kidole kukatwa. Ilisomeka hivi: kolesteroli jumla 5.2, HDL, yale "mafuta mazuri", 0.9 na mshale wa kushuka, trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, 3.7 na mshale wa kupanda, LDL 2.6 bila mshale.

LDL ndiyo inayoitwa "mafuta mabaya". Fikiria daladala. Kolesteroli ni abiria, na chembe ya LDL ni gari linalowabeba. Kipimo cha kawaida cha LDL kinahesabu abiria. Lakini kinachogonga ukuta wa ateri na kunasa ni gari. Katika kisukari aina ya pili hutokea mara nyingi kwamba magari ni mengi na madogo, kila moja na abiria wachache. Ukihesabu abiria unaona barabara shwari. Ukisimama kituoni ukahesabu magari unashika kichwa. Dalili ya hali hiyo ni mishale miwili ile ile: trigliseridi juu, HDL chini. Hiyo ndiyo sahihi ya kisukari kwenye mafuta ya damu.

Kipo kipimo cha kuhesabu magari. Kinaitwa ApoB, kwa kuwa kila chembe ya aina hii ina protini moja tu ya jina hilo, kama gari na namba yake ya usajili. Hakipatikani kila maabara na bei yake si ya kila mfuko. Ila kuna hesabu ya bure inayokaribia kazi hiyo, na karatasi yako tayari inayo: chukua kolesteroli jumla, toa HDL. Kwa Mjomba, 5.2 kutoa 0.9 ni 4.3. Miongozo ya madaktari wa moyo wa Ulaya inataka namba hiyo iwe chini ya 2.6 kwa mtu mwenye hatari kubwa, na chini ya 2.2 kwa mwenye hatari kubwa zaidi, mfano aliyekwisha kuziba ateri. Mjomba ana kisukari mwaka wa 14 na presha juu yake.

Kama karatasi yako imeandikwa kwa mg/dL, namba za kolesteroli zigawanye kwa 39 na za sukari kwa 18 upate mmol/L ninazotumia hapa.

Kuhusu ule mshale usiokuwepo: maabara huweka mshale kwa kufuata kiwango cha watu wote kwa jumla. Haijui kama aliyetoa damu ana kisukari. LDL ya 2.6 kwa kijana asiye na ugonjwa wowote ni ya kumpa mkono. Kwa mtu kama Mjomba lengo ni chini ya 1.8, na baada ya kidole kukatwa ni chini ya 1.4. Natamani jambo hili lingeandikwa kwa wino mwekundu juu ya kila karatasi ya majibu, kwa sababu watu wanarudi nyumbani na amani isiyo yao.

Ushahidi wake si wa jana. Utafiti wa CARDS, uliofanyika Uingereza na Ireland, ulichukua watu 2,838 wenye kisukari aina ya pili ambao hawakuwahi kuugua moyo wala kiharusi, na LDL zao zilikuwa wastani wa 3.0 hivi, namba ambayo wengi tungeiacha ipite. Nusu walipewa atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli ya jamii ya statini, miligramu 10 kwa siku, nusu kidonge kisicho na dawa. Majibu ya 2004: waliomeza dawa walipata mishtuko ya moyo, viharusi na matukio mengine makubwa ya aina hiyo pungufu kwa asilimia 37, na utafiti ukakatishwa karibu miaka miwili kabla ya muda wake kwa vile tofauti ilikuwa imeshaonekana. Wanaosema statini "zinaleta kisukari" wameshika ukweli kwa ncha: zinaweza kupandisha sukari kidogo. Kwa aliye na kisukari tayari, ongezeko hilo dogo halilingani na kiharusi kinachoepukwa.

Na HDL, "mafuta mazuri"? Hapa ule moshi unarudi. Kwa miaka mingi ilionekana kwamba wenye HDL nyingi hupata mshtuko wa moyo mara chache, ikadhaniwa kwamba ukiipandisha kwa dawa utawalinda watu. Ikatengenezwa dawa, torsetrapibu, na ikajaribiwa kwa watu 15,000. HDL ilipanda kwa asilimia 72. Lakini waliomeza dawa walikuwa wakifa zaidi kuliko wasiomeza, na Desemba 2006 jaribio likasimamishwa. HDL ya chini inatuambia habari kuhusu mtu, kwamba pengine tumbo limekuwa kubwa, insulini haisikilizwi na magari madogo yamejaa barabarani. Kuisukuma namba yenyewe hakumponyi mtu. Kwa hiyo anayekuuzia kidonge cha "kuongeza mafuta mazuri" mwulize kwanza kama kimepunguza vifo.

Kuna chembe nyingine ambayo sisi Waafrika tungepaswa kuijua kwa jina: Lp(a). Ni ndugu wa LDL aliyejifunga mkia wa protini ya ziada. Kiasi chake unakirithi kwa wazazi, chakula hakikigusi, na kwa wastani watu wenye asili ya Afrika wanacho zaidi kuliko Wazungu. Unakipima mara moja tu maishani. Kikiwa juu, kuanzia 50 mg/dL hivi, yale mengine yote yakazwe zaidi.

CRP, kipimo cha mwako wa kinga mwilini, kinasomwa vibaya kila siku. Ni kweli kwamba ikikaa juu ya 3 mg/L bila sababu, hatari ya moyo huongezeka. Lakini jino bovu, mafua au malaria vinaweza kuipandisha zaidi ya 10 mara moja. Usipime ukiwa mgonjwa ukaenda kulala na hofu ya mishipa. Troponini nayo ni ya moyo wenyewe: inavuja misuli ya moyo ikiumia, na kazi yake kubwa ni pale mtu anapofika hospitali na maumivu ya kifua.

Kipimo ninachokipigania kuliko vyote hata si cha damu. Ni cha mkojo.

Nyanya zetu walikamua nazi kwa kifumbu. Tui linapita, machicha yanabaki. Kifumbu kikichanika uzi mmoja, unaona vipande vyeupe kwenye tui. Figo ni vifumbu vidogo karibu milioni moja kila upande, vilivyofumwa kwa mishipa myembamba sana ya damu. Albumini, protini ya damu, ni machicha: haitakiwi kupita. Ikianza kuonekana kwenye mkojo, hata kwa kiasi kidogo, maana yake utando wa ndani wa mishipa ya figo umechanika uzi. Na utando wa mishipa ya figo ni wa ukoo mmoja na ule wa moyo na ubongo. Ndiyo sababu mwenye kisukari anayevuja albumini ana hatari kubwa zaidi ya mshtuko wa moyo na kiharusi, hata kabla figo zenyewe hazijachoka.

Kipimo chenyewe kinalinganisha albumini na kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo. Chini ya 30 mg/g ni salama, juu ya hapo kirudiwe, kwa sababu homa, mazoezi makali na maambukizi ya mkojo vinaweza kukidanganya. Daktari huamini pale mara mbili kati ya tatu, ndani ya miezi michache, zinapokubaliana. Angalia jambo moja: kile kijiti cha kawaida cha mkojo kinachobadilika rangi hakioni kiasi kidogo cha mwanzo. "Mkojo msafi" wa kijiti hautoshi. Uliza kwa jina, albumini ya mkojo, angalau mara moja kwa mwaka. Wengi tuna imani kwamba dawa za kisukari ndizo zinazoua figo, tukaziacha ili "kupumzisha figo". Kinachochana kifumbu ni sukari na presha vilivyoachwa juu kwa miaka.

Na mguu? Hapa damu inanyamaza kabisa. Hakuna kipimo cha damu ambacho kingemwambia Mjomba kwamba ateri ya chini ya goti inazibika. Viashiria vyote nilivyovitaja vinasema ukuta uko hatarini kiasi gani. Havionyeshi plasta imevimba chumba gani. Kwa kawaida ateri ya mguu ikibana, mtu anaumwa kigimbi akitembea na anapoa akisimama. Kisukari kinaua hata kengele hiyo, kwa sababu mishipa ya fahamu imeshakufa ganzi.

Kuna kipimo rahisi: presha ya kifundo cha mguu inagawanywa kwa presha ya mkono. Chini ya 0.9, njia imebana. Lakini kwa mwenye kisukari cha siku nyingi ukuta wa ateri unaweza kuwa mgumu kama chokaa hata mkanda wa presha usiweze kuuminya, na jibu likatoka juu ya 1.4. Likitoka hivyo limevuka mpaka, na halimaanishi mguu ni mzima. Hapo hupimwa presha ya kidole gumba. Mahali pasipo na vifaa hivyo, vidole viwili vya mhudumu upande wa juu wa wayo, vikitafuta mdundo, vinafanya kazi kubwa. Katika miaka 14 ya kliniki Mjomba hakumbuki mtu aliyemwambia avue viatu.

Baada ya mambo haya alikuja kijana mtaani na kifaa cha kushika mkononi kilichounganishwa na kompyuta, anapima "mishipa, kolesteroli na figo" kwa dakika moja bila kutoa damu, kisha anauza makopo ya dawa. Mjomba alitaka kwenda. Nikamwambia: LDL, ApoB na albumini ni vitu, vina uzito, havihesabiki bila kuwa na damu au mkojo mbele yako. Kifaa kile hakina cha kuhesabu.

Nikamsimulia badala yake habari ya watu 160 wa Denmark, wenye kisukari aina ya pili kama yeye, na albumini kwenye mkojo. Utafiti wao unaitwa Steno-2 na ulianza miaka ya 1990. Nusu walitibiwa kwa kawaida ya wakati ule. Nusu wakashughulikiwa kila upande kwa pamoja: sukari, presha, mafuta, aspirini, chakula, kutembea, kuacha sigara. Hapakuwa na kipimo cha ajabu wala dawa ya siri. Baada ya miaka karibu 8, kundi la pili lilikuwa na matukio ya moyo na mishipa kwa takriban nusu ya kundi la kwanza, na hesabu ilipofanywa baada ya miaka 21, walikuwa wameishi karibu miaka 8 zaidi.

"Miaka minane?" akauliza.

Siku hizi ana daftari la shule la kurasa 48. Amepiga mistari mwenyewe: HbA1c, presha, jumla kutoa HDL, albumini ya mkojo, na safu ya mwisho ameiandika "mguu". Jumla kutoa HDL ya mara ya mwisho ilikuwa 2.4. Kwenye safu ya mguu mjukuu wake ndiye anayejaza, kila Jumapili, baada ya kumkagua nyayo na katikati ya vidole tisa kwa tochi ya simu.